Mvuke Alioacha Mume Wangu

Mume wangu alifariki asubuhi, mvua za masika zikiwa zinaelekea kukatika na baridi ya Tukuyu imeanza kuuma, na jambo la kwanza nililofanya ni kumuuliza muuguzi kama lile shuka ni la hospitali au ni letu. Akaniambia ni letu. Nikalikunja vizuri. Muuguzi akanishika bega, nami nikamshukuru kama mtu anayeshukuru kwa kuelekezwa njia.

Alikuwa dereva wa lori linalokusanya majani mabichi ya chai mashambani na kuyapeleka kiwandani. Alianza kuvuta sigara kabla sijamfahamu. Kwenye vituo vya kupimia majani, wakati wakulima wanasubiri zamu zao kwenye mzani, madereva walikuwa wanasimama pembeni wanavuta, na nadhani kwake sigara na kazi vilishaungana vikawa kitu kimoja. Kikohozi kilipoanza kutoa damu tukaenda hospitali ya rufaa Mbeya. Daktari alitundika picha ya mapafu kwenye taa, akaanza kueleza taratibu. Mimi ni afisa afya. Nilielewa kabla hajafika katikati ya maelezo yake. Mume wangu akaelewa kwa kuniangalia usoni.

"Sawa, daktari," akasema. "Asante." Tulipotoka nje akaniuliza kama nina njaa.

Miezi yake ya mwisho aliacha sigara. Dereva mwenzake anayekwenda Tunduma alimletea kile wanachokiita vepu, sigara ya umeme ambayo haina moshi bali mvuke. Ilikuwa ya buluu, inafanana na kalamu nene ya kuandikia ubaoni, na mvuke wake ulinukia embe. Nilimwambia hicho nacho kina nikotini, si dawa. Akasema anajua, ila mdomo wake umezoea kushika kitu. Sikubishana naye. Hakukuwa na cha kushinda kwenye ubishi ule.

Tulimzika kwao Kisiba, kwenye migomba nyuma ya nyumba ya mama yake. Wanawake walilia kama inavyopaswa kulia, wakanizunguka, wakawa wananisubiri nami nilie. Sikuweza. Wifi yangu mmoja alinong'ona kitu, na mama mkwe akamsikia. Yeye ni mtu wa Kinyakyusa hasa, Kiswahili chake kinapita kwenye lugha yake kwanza, z inageuka s, r inageuka l.

"Mwache," akamwambia. "Machosi yake yatakuja yakitaka."

Binti yetu, mtoto pekee, alikaa miguuni mwa bibi yake na kanga imefunika kichwa. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Alilia mpaka sauti ikapotea. Nakumbuka nilimtazama nikiwaza kwamba itabidi sweta lake la shule lifuliwe, lilikuwa na udongo mwekundu kwenye viwiko.

Nilirudi kazini matanga yalipokwisha. Nyumbani kulikuwa kimya, ofisini kulikuwa na sauti za watu, ndiyo maana nikarudi. Mganga mkuu wa wilaya aliniita ofisini kwake. Akawa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa.

"Dada, kuna maelekezo kutoka mkoani," akasema. "Elimu ya tumbaku kwenye sekondari zote za wilaya. Sigara, ugoro, shisha, na hivi vipya vya mvuke. Pia tutembelee maduka yaliyo karibu na shule. Kwa kawaida ingekuwa kazi yako. Lakini kama utaona ni mapema, nitampa mwingine."

"Nitaifanya," nikasema.

"Una uhakika?"

"Ni kazi tu, daktari."

Niliposema vile sikuwa najikaza. Ndivyo nilivyokuwa. Siku zile mambo yote yalikuwa na uzito mmoja, kifo cha mume wangu, tairi la gari la idara lililopasuka, mvua, kikombe kilichovunjika sebuleni. Nilikuwa naamka, naoga, navaa, natoka. Watu wakinipa pole najibu tumeshapoa. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikijibu vizuri.

Tukaanza na Suma, kisha Masukulu ambako ndiko nilikozaliwa, kisha shule nyingine zilizofuata barabara. Tulikuwa watu wawili, mimi na kijana wa idara ya elimu aliyebeba projekta, na pale ambapo umeme haukuwepo tulitundika mabango ukutani. Nilikuwa na picha ya pafu zima na pafu la mvutaji. Wanafunzi waliziangalia kama wanavyoangalia ramani ya Ulaya. Walichotaka kujua ni kuhusu vepu. Wengi walikuwa wameziona kwenye simu, wachache mikononi mwa watu. Walikuwa na majina yao ya kuziita ambayo mimi nilikuwa sijawahi kuyasikia, na waliamini ni mvuke wa matunda tu, kitu cha kuchezea, kitu cha watu wa Dar. Nikawaeleza nikotini ni nini, inavyoingia kwenye ubongo ambao bado unakua, jinsi mtu anavyoanza kuihitaji kabla hajatambua kuwa anaihitaji. Nilieleza vizuri. Nimekuwa nikieleza mambo ya afya kwa miaka mingi, vyoo, maji, kipindupindu, na sauti inajua kazi yake yenyewe.

Kule Masukulu msichana mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono.

"Madam, babu yangu anavuta tangu zamani na bado analima. Mbona yeye hajafa?"

Wenzake wakacheka. Swali lilikuwa zuri.

"Wapo wasiokufa," nikamwambia. "Mume wangu alikuwa anavuta, naye amekufa mwaka huu kwa saratani ya mapafu. Hakufika miaka hamsini. Kabla hujaanza hujui wewe utakuwa yupi."

Darasa likanyamaza. Hata wale wa dirishani waliokuwa wanachungulia uwanjani wakageuka. Niliendelea na bango lililofuata. Tulipomaliza, mwalimu wa zamu alitusindikiza hadi kwenye gari, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kusema ule mfano wa mume ulikuwa mzuri sana, umewagusa watoto, niutumie na kwingine. Alidhani nimeutunga. Nikamwambia nitautumia. Nikautumia kweli, shule iliyofuata na iliyofuata tena, kwa maneno yale yale, na kila mara darasa lilinyamaza mahali pale pale.

Shule ya binti yangu ilikuwa ya mjini, na kwa kuwa yeye alikuwepo nilimwomba mwenzangu ndiye azungumze, mimi nikakaa nyuma na mabango. Binti yangu aliangalia chini kipindi chote. Nilidhani anaona aibu, kama watoto wanavyoona aibu mzazi anapofika shuleni.

Haikupita muda mrefu mkuu wa shule akanipigia simu, akaniomba nifike. Nilifika kwa bodaboda. Nje ya ofisi yake walikuwa wamesimama wasichana watatu wameegemea ukuta, na mmoja wao alikuwa wangu. Aliniona, akageuza uso.

Mkuu wa shule alikuwa mwanamama mpole, anayepima maneno. Mwalimu wa nidhamu alikaa pembeni yake. Juu ya meza, kwenye karatasi nyeupe, palikuwa na ile vepu ya buluu.

"Tumewakuta nyuma ya vyoo," akasema mwalimu wa nidhamu. "Wanapokezana. Wenzake wanasema ni ya binti yako, yeye ndiye anayekuja nayo."

"Mama," akasema mkuu wa shule, "naona vigumu hata kuanza. Ni nyinyi mliokuja kutufundisha juzi."

Niliichukua. Kwenye mfuniko kulikuwa na mkwaruzo ambao mume wangu aliusababisha alipoiangusha kwenye ngazi za hospitali. Nilidhani iliondoka pamoja na nguo zake zilipogawiwa Kisiba. Sikuwa nimeifikiria tena.

"Ni ya baba yake," nikasema.

Wakatazamana. Mwalimu wa nidhamu aliuliza kwa upole, sasa akiwa ameshusha sauti, kama marehemu alikuwa amempa mtoto. Nikasema hapana, ameichukua mwenyewe. Wakaniambia kanuni za shule zinataka wasimamishwe masomo wakati bodi inasubiriwa, na bodi inaweza kuwafukuza. Nikaomba wasiwasimamishe mpaka nizungumze na mtoto wangu. Mkuu wa shule akakubali, nadhani kwa sababu ya msiba.

Tulitembea kwenda nyumbani. Binti yangu alikuwa mbele, mimi nyuma, ukungu unashuka kutoka mlimani. Tulipofika, akavua sare, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi za jioni, na mimi nikakaa kwenye kigoda kingine na kisu changu.  Utomvu ulikuwa unatugandia vidoleni.

"Ulianza lini?" nikamuuliza.

"Baada ya matanga."

"Kwa nini?"

Akaendelea kumenya. 

"Ilikuwa kwenye koti la baba. Ilikuwa inanukia kama yeye. Alivyokuwa mwishoni, akiongea na mimi karibu." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa viganja vilikuwa na utomvu. "Mwanzo nilikuwa nanusa tu, mama. Kweli. Nilikuwa nanusa nikienda kulala. Halafu ikawa hainukii tena mpaka uivute."

"Ukaivuta."

"Nikaivuta. Ikawa kama ameingia chumbani."

Ile ndizi niliyokuwa nayo mkononi niliimenya mpaka mwisho, nikaiweka kwenye maji, nikachukua nyingine. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mtu akisimuliwa atadhani nilimkumbatia. Nilisikia kila neno na nilijua lina maana gani, kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa mwingine.

Nikamuuliza maswali ninayowauliza wengine. Maji ya ile vepu yalipokwisha alipata wapi mengine? Akasema dukani, karibu na stendi, kwa mzee anayeuza manukato na kava za simu. Alikwenda na sare? Ndiyo, na sweta la shule. Wenzake wawili walianzaje? Walisikia harufu darasani wakadhani ana pipi. Je, anaweza kukaa siku nzima bila kuvuta? Hapo akaacha kumenya.

"Kipindi cha pili mikono inaanza kutetemeka," akasema. "Nikiwa kwenye mtihani siwezi kusoma swali. Macho yanasoma ila haliingii. Siku ile mlipokuja, mwenzako anasema yale ya ubongo, nilikuwa naitaka hapo hapo. Nilikuwa naiona iko kwenye begi."

"Ungeniambia."

"Wewe hukuwepo, mama."

Alisema bila ukali. Nilikuwepo kila siku, nilipika, nilifua, nilisaini karatasi zake za shule. Lakini nilielewa anachosema, nikakiacha kama kilivyo.

Kesho yake nilikwenda na ile vepu ofisini. Vitu vinavyokamatwa huwekwa kwenye kabati moja la chuma hadi siku ya kuteketezwa, dawa zilizopitwa na wakati, vipodozi vyenye zebaki, pombe za viroba. Kabla sijaiweka nilifunga mlango, nikaisogeza puani. Nilitaka kujua. Nilivuta hewa kwa ndani, taratibu, kama anavyofanya mtu anayesubiri kuambiwa jambo. Ilikuwa embe. Embe ya kiwandani, tamu mno, kama sabuni ya maji. Nikajaribu tena. Embe. Binti yangu alimkuta baba yake humo na mimi sikumkuta. Nikaiweka ndani ya kabati, nikafunga, nikaenda stendi.

Yule mzee nilikuwa namjua kwa sura, kama watu wa mjini wanavyojuana. Wazee wake walikuja kutoka pwani wakati wa babu yake, na familia yao ilikuwa na duka pale kabla sijazaliwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti nje, kofia ya kitambaa kichwani, redio imewashwa kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole na msiba. Nilisikia. Mumeo alikuwa akinunua kwangu betri za redio."

"Tumeshapoa."

Nikamwambia nimekuja kikazi, nikamwonyesha kitambulisho, ingawa hakukitaka. Ndani, kwenye rafu ya kioo, kati ya manukato na kava za simu, vepu zilikuwa zimepangwa kwa rangi, buluu, pinki, kijani, na vichupa vyake vidogo vya maji ya kuongezea. Zilipendeza. Mtoto yeyote angedhani ni vitu vya kuchorea.

"Hizo mpwa wangu ndiye anayezileta kutoka Kariakoo," akasema. "Aliniambia ni mvuke wa matunda. Wa kuacha sigara."

"Zina nikotini, mzee. Ile ile ya kwenye sigara. Nyingine ina nyingi zaidi."

Akavaa miwani, akachukua kichupa, akakigeuza kwenye mwanga. Maandishi yalikuwa madogo sana. Aliyasoma kwa muda mrefu, midomo ikicheza.

"Kiingereza kidogo najua," akasema. "Hili neno lipo." Akakiweka chini. "Nimewauzia watoto wa shule."

"Najua. Mmoja ni wangu."

Akavua miwani. Akaniuliza kama ni yule mrefu wa sweta la kijani, nikasema ndiye. Akazima redio.

"Yule alikuwa akija ananisalimia vizuri," akasema. "Mimi nilidhani anamnunulia mtu." Kisha akauliza, "Sheria inasemaje?"

Nikamweleza ukweli. Sheria inakataza kumuuzia mtoto tumbaku, hilo liko wazi. Lakini iliandikwa kabla ya vitu hivi kuja, na wapo wanaosema mvuke si tumbaku. Halmashauri ilikuwa inaandaa sheria ndogo, na mpaka ipite mimi sina ninachoweza kumfanya zaidi ya kumwomba.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba."

"Ndiyo, mzee."

Akainuka, akatafuta boksi tupu, akaanza kuzitoa kwenye rafu moja moja. Nilimsaidia. Mpwa wake alitoka chumba cha nyuma na kuuliza kulikoni, na wakabishana kidogo kwa sauti za chini. Nilisikia mzee akisema, "Wajukuu zangu wanasoma shule hiyo hiyo." Boksi akalifunga kwa kamba, akaniambia nilipeleke ninakojua. Siyo wote walikuwa hivyo. Duka la barabara ya juu, kijana mmoja alinisikiliza huku anachati, akasema, "Dada, nikiona karatasi yenye mhuri nitatoa. Kwa sasa naomba uniachie mlango, wateja wanapita." Nikamwachia mlango.

Kikao cha bodi kilikuwa Ijumaa. Wazazi wa wale wasichana wengine walikuwepo, baba mmoja fundi seremala na mama mmoja mchuma chai aliyekuja na gambuti zake za shambani kwa sababu ametokea kazini moja kwa moja. Mjumbe mmoja alisema tusipowafukuza hawa, kesho tutakuwa na thelathini. Mama mchuma chai alikuwa anaangalia sakafu. Nikaomba kusema.

Nilisema hii ni nikotini, na mwili ukishaizoea kuiacha si suala la adabu peke yake. Nikasema maelekezo tuliyopewa yanataka mwanafunzi aliyekwisha kuzoea apelekwe kwenye ushauri nasaha, na kwamba akirudishwa nyumbani atavuta bila mtu wa kumwona. Kituo cha afya kina muuguzi anayefanya kazi hiyo kila siku kwa watu wa pombe. Nikaomba waendelee na masomo na waende kwake kila wiki baada ya vipindi, na shule ipewe taarifa. Mjumbe yule akaniuliza kama ningesema hivyo hivyo iwapo wangu asingekuwemo. Nikamjibu kwamba nisingekuja kikaoni, lakini barua ingekuwa na maneno hayo hayo. Baadhi wakatabasamu. Mwisho walikubaliana wabaki, wafanye usafi wa mazingira kwa muda, na wakirudia waondoke.

Nje, mama mchuma chai alinisalimia kwa Kinyakyusa, akasema ndaga, ndaga fijo, asante, asante sana, akanishika mikono kwa vidole vyake vilivyokuwa vyeusi kwa majani ya chai.  Nikamwambia wiki ijayo asisahau kumleta mtoto.

Kuacha hakukuwa rahisi kwa binti yangu. Alikuwa na hasira ambazo sikuwahi kuziona kwake. Alirusha sahani ukutani kwa sababu chai haikuwa na sukari. Alilala mchana kweupe, aliumwa kichwa, alikula mkate mzima akiwa amesimama. Siku moja alirudia, kwa kaka wa rafiki yake, na akaenda mwenyewe kwa yule muuguzi kusema kabla hajaulizwa. Muuguzi alimwambia mwili una ukaidi wake, arudi wiki inayofuata kama kawaida. Alikuwa mama mtu mzima anayekaribia kustaafu, na watoto wale watatu walimpenda kwa sababu hakuwa anashangaa.

Mama mkwe alipopata habari alipanda gari kutoka Kisiba na mfuko wa mahindi mabichi, akahamia kwetu bila kuuliza. Alilala chumba kimoja na mjukuu wake. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa ugoro tangu usichana, kopo lake dogo linakaa kwenye fundo la kanga, na siku ya pili tu binti yangu alimuuliza tukiwa mezani.

"Bibi, mbona wewe unanusa?"

Mama mkwe alitafakari. Alikuwa na tabia ya kulichukua swali la mtoto kama la mtu mzima.

"Mimi nilipewa na bibi yangu," akasema. "Hakuna aliyetuambia kitu. Sasa umeniambia wewe. Basi, naacha. Tuache wote."

Alijitahidi kweli. Alikuwa anazunguka nyumba, anafagia mahali palipofagiwa, anamsema paka. Halafu asubuhi moja nilitoka kuanika nguo nikamkuta nyuma ya choo, amejibanza, kanga imefunika kichwa, anapiga chafya. Tukatazamana. Akafunika kopo lake haraka.

"Usimwambie," akasema. "Asijue kuwa bibi yake imemshinda."

Nikamwambia sitamwambia. Hadi leo sijui kama binti yangu hakujua. Wakati mwingine, bibi akitoka nje, alikuwa anaongeza sauti ya redio ili kisisikike chochote kutoka uani.

Usiku binti yangu alikuwa anamwomba bibi yake amsimulie habari za baba yake alipokuwa mdogo, na kutoka chumbani kwangu nilikuwa nasikia sauti ya mama mkwe, nusu Kiswahili nusu Kinyakyusa, ikisimulia jinsi alivyowahi kuanguka kutoka kwenye mparachichi, alivyoogopa ndege. Mengine nilikuwa sijawahi kuyasikia. Nilikuwa nasikiliza nikiwa nimelala chali, mikono kifuani.

Sheria ndogo ilipita kabla mwaka haujaisha. Mabango yenye mhuri yalibandikwa madukani, na yule kijana wa barabara ya juu alizitoa vepu rafuni, ingawa nasikia bado zinapatikana kwa anayejua wa kumuuliza. Tumeendelea kwenda mashuleni. Siutumii tena mfano wa mume wangu kila mahali, ila nikiulizwa nasema. Binti yangu sasa yuko kidato cha nne. Haivuti. Bado anaikumbuka, ananiambia waziwazi, hasa mvua ikinyesha, na nimejifunza kukaa naye mpaka hamu ipite bila kumhubiria.

Jioni moja, wakati mama mkwe amekwenda Kisiba kuangalia migomba yake, tulikuwa wawili tu mezani. Binti yangu ndiye aliyepika, ndizi na maharage. Nilikula tonge la kwanza, nikaacha.

"Chumvi imezidi," nikasema.

Aliweka kijiko chini akanitazama.

"Hata jana ilizidi, mama. Hata wiki iliyopita. Nimekuwa naiongeza makusudi kuona kama utasema."

Nikaonja tena. Ilikuwa imezidi kweli, ulimi ulikuwa unawasha. Nikainuka, nikachota maji ya moto kwenye sufuria, nikamiminia kidogo kwenye sahani yangu na kidogo kwenye yake, tukakoroga, tukaendelea kula.